Usiku Kitonga ilipofungwa: kisa cha Fuso mbili za nyanya

Kisa hiki kilitokea masika ya mwaka fulani baada ya Soko Kuu la Kariakoo kuungua Julai 2021. Majina, namba za magari na tarehe nimeviondoa. Bei nazo nimezificha, kwa sababu watu wa nyanya hutambuana kwa bei waliyouzia siku fulani kama wengine wanavyotambuana kwa sura. Bei ya tenga moja soko la Ilala alfajiri ya Jumatatu nimeiita 10, na bei nyingine zote zipime kwa hiyo. Mwenye mzigo nitamwita Mama Tenga. Waliobaki nitawaita kwa kazi zao.

Mzigo na njia yake

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Hakuna ofisi inayowapangia nyanya. Mahindi yana maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na mchele unaweza kukaa Tandale ukingoja bei ichangamke. Nyanya haingoji. Nyanya ambazo Dar itapikia kesho, usiku huu ziko barabarani chini ya turubai, na zikikwama huko hakuna stoo ya kufungua.

Sehemu kubwa hutoka Ilula, mji mdogo wa wilaya ya Kilolo mkoani Iringa, kilomita kama 450 kutoka Dar kwa barabara kuu ya Tanzania–Zambia. Gari likitoka Ilula hushuka mlima Kitonga, hupita Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu, hukatiza Hifadhi ya Mikumi, Morogoro, mizani ya Vigwaza, kisha foleni ya Kibaha na Mbezi mpaka Ilala. Likianza jioni huingia sokoni usiku wa manane kuelekea alfajiri, wakati mama wa genge ndiyo kwanza anajifunga kanga. Reli haimsaidii mtu wa Ilula: Tazara inapita Mlimba na Makambako, mbali na mashamba haya. Kwa hiyo Kitonga ndiyo mlango, nao ni mlango mwembamba, ukuta wa mlima upande mmoja na korongo upande wa pili.

Mama Tenga ana miaka zaidi ya kumi na tano katika kazi hii. Anaishi Dar. Ilula ana wakala wake, kijana anayezunguka mashambani, anayesimamia wachumaji na kupakia. Magari si yake, hukodi Fuso za tajiri mmoja ambaye madereva wake anawafahamu. Ilala ana dalali, na dalali ana wateja, kina mama na vijana wa magenge wapatao hamsini wa Buguruni, Vingunguti, Tabata na Mbagala.

Mali kauli

Bila neno hili kisa hakieleweki. Mali kauli ni kuchukua mzigo kwa neno la mdomo na kulipa ukishauza. Mkulima wa Ilula hupewa nusu ya pesa shambani, nusu nyingine ni kauli. Dalali humpa mama wa genge tenga moja au mawili alfajiri, mama hulipa jioni au kesho yake anaporudi kuchukua mengine. Hakuna karatasi. Dalali ana daftari la kurasa zilizokunjamana, lakini nilipomwomba anionyeshe alicheka akagusa kichwa chake.

Kwa hiyo siku yoyote ile pesa ya Mama Tenga iko sehemu mbili. Nyingine anadaiwa na Ilula, nyingine anaidai Dar. Iliyoko kwenye simu yake ni ya mafuta, ya ushuru wa mazao na ya makuli wa kushusha. Shika hilo, tutalirudia.

Jumatatu jioni

Fuso ya kwanza iliondoka Ilula saa 10 jioni na matenga 190. Ya pili ilikuwa bado inapakia, wakala akitegemea kuijaza matenga 200 kabla ya saa 3 usiku.

Saa 11 jioni trela lililokuwa likipanda mlima lilishindwa kwenye kona, likarudi nyuma, likajikunja likaziba barabara yote. Fuso ya kwanza ilikuwa imekwisha kuingia mteremkoni, magari mbele na magari nyuma, haiwezi kugeuka. Dereva alipiga simu saa 11 na nusu. Alisema maneno mawili tu: "Mama, tumefungwa."

Mama Tenga hakuanza kwa kuuliza nyanya zikoje. Aliuliza winchi inatoka wapi. Dereva akamwambia watu wanasema Iringa, wengine wanasema Mikumi. Hapo akajua ni usiku mzima. Trela likijikunja Kitonga huvutwa polepole, kwa sababu kosa dogo linalipeleka korongoni, na mara nyingi mzigo wake lazima upunguzwe kwanza.

Usiku ule yalifanyika maamuzi manne. Matatu aliyafanya mwenyewe kwa simu kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, akiwa amekaa kwenye kigoda jikoni kwake. Nayaeleza kwa mpangilio wake.

La kwanza: kusimamisha uchumaji wa Jumanne. Alimwambia wakala awaambie wakulima kumi na wanne waliokuwa wamepangiwa kuchuma kesho wasichume. Sababu yake ilikuwa wazi. Gari hakuna, na nyanya iliyo mtini inaoza taratibu kuliko iliyo ndani ya tenga. Lakini wawili walikuwa wamekwisha kuchuma tangu mchana.

La pili: Fuso ya pili izunguke. Kulikuwa na njia moja tu, kurudi Iringa mjini, kushika lami ya Mtera hadi Dodoma, halafu Dodoma–Morogoro–Dar. Hiyo ni kilomita kama 300 zaidi. Mafuta ya ziada yalikuwa sawa na thamani ya matenga kama sita kwa bei ya Jumatatu. Wakala alitaka gari lijae kwanza ili gharama igawanyike. Mama Tenga alikataa, akaliondoa na matenga 110 saa 2 usiku. Kwa hesabu ya wakala, nusu ya bodi ilikwenda tupu. Kwa hesabu yake, kila saa ya kungoja ilimtoa kwenye soko la Jumanne na kumtupa kwenye soko la Jumatano, na Jumatano alikuwa na wasiwasi nayo.

La tatu: kutofaulisha, yaani kutohamishia mzigo kwenye gari jingine. Saa 1 usiku dereva wa Fuso ya kwanza alimletea habari kwamba wenye mizigo wengine wanaita Canter kutoka Ruaha Mbuyuni, zije mpaka chini ya ajali, na vijana wabebe matenga kichwani kupita kando ya trela. Mfanyabiashara mmoja jirani yake sokoni alifaulisha matenga 60 hivyo. Mama Tenga alisema hapana. Aliniambia sababu mbili. Gizani, mlimani, na watu asiowajua, matenga yangepungua njiani. Na Canter ilitaka pesa mkononi kabla ya kuwasha injini.

La nne halikuwa lake, ni la dereva. Alifungua turubai na kulegeza kamba ili nyanya zipate hewa. Saa 9 usiku mvua ikanyesha. Akafunika tena, lakini safu ya juu ilikuwa imeshalowa.

Jumanne alfajiri, Ilala

Soko liliamka na mizigo ya Lushoto na ya Dumila tu. Ya Ilula haikuwepo. Dalali alikuwa na matenga 22 ya Mama Tenga yaliyobaki Jumatatu, na wateja arobaini na wanne waliojitokeza. Bei ilikuwa imefika 19.

Akaja mzabuni wa chakula, mtu mwenye tenda ya kulisha taasisi, akataka yote 22 kwa bei ya 21, pesa taslimu. Dalali akampigia Mama Tenga.

"Shikamoo mama. Kuna jamaa hapa ana keshi, anataka zote. Nikimpa, hawa wengine watakwenda kwa nani? Na pesa yako ya jana imo kwenye mabeseni yao."

"Marahaba mwanangu. Wagawie."

Akagawa nusu tenga kila mtu, kwa 19, na waliozoea kukopa wakakopa. Mzabuni akaondoka amekasirika, akapata nyanya zake kwingine sokoni kwa bei kubwa zaidi.

Niliifuata nusu tenga moja mpaka kwenye genge la Vingunguti. Fungu la shilingi 500 Jumatatu lilikuwa na nyanya tano. Jumanne lilikuwa na tatu, ndogo ndogo. Bei haikutajwa, hakuna aliyeuliza, na mwenye genge hakueleza. Mteja mmoja alilitazama fungu, akatazama ndoo ya nyanya chungu, akachukua fungu na pakiti ya nyanya ya kusaga. Mama ntilie wa jirani aliongeza karoti kwenye mchuzi na ukwaju kwenye mchicha. Ndivyo Dar inavyopokea habari ya trela lililojikunja kilomita mia nne kutoka hapo.

Kutoka Jumanne mchana hadi Jumatano

Fuso ya pili iliingia Ilala saa 7 mchana, baada ya saa kumi na saba barabarani. Matenga 104 yalikuwa mazima, sita yakawa masalo, yaani nyanya zilizoumia. Saa 7 mchana si saa ya soko, lakini simu zilishapigwa na vijana wa magenge walikuwa wanangoja na guta na bodaboda. Yaliuzwa kwa 21, mpaka saa 10 jioni hakuna lililobaki.

Kitonga ilifunguliwa saa 2 asubuhi ya Jumanne. Magari yote yaliyolala mlimani yakatoka kwa mkupuo mmoja, yakapanga foleni pamoja mizani, yakaingia jijini pamoja. Fuso ya kwanza ilifika saa 3 usiku. Alfajiri ya Jumatano Ilala ilikuwa na nyanya ya siku mbili kwa wakati mmoja, na tenga likaanguka hadi 7. Katika matenga 190, 127 yaliuzwa kwa bei hiyo, 52 yakauzwa kama masalo kwa wapika pilipili na kina mama ntilie, na 11 yalimwagwa. Safu za chini ndizo zilizoumia zaidi. Nyanya haziozi kwa sababu ya usiku mmoja tu. Huoza kwa sababu zimebeba matenga manne juu yake, zimepasuka, na joto la ndani ya turubai linafanya zile mbivu ziivishe zile mbichi.

Yule jirani aliyefaulisha 60 aliuza Jumanne saa 3 asubuhi kwa 20. Yalipungua matenga mawili njiani.

Nini kilishika

Uamuzi wa Dodoma ulilipa. Lakini wanaosikia kisa hiki huusifu kwa sababu isiyo yenyewe. Husema alipata faida kwa kuuza 21. Faida hiyo ilikuwa bahati. Winchi ingewahi kwa saa sita, Fuso zote zingefika pamoja na mafuta ya Mtera yangekuwa hasara tupu. Alichokuwa ananunua kwa mafuta yale ni nafasi yake Ilala. Mama wa genge akikosa mzigo siku moja huvumilia. Akikosa ya pili hujenga kauli na dalali mwingine, na deni la dalali wa kwanza linageuka la mwisho kulipwa. Ndiyo maana aliondoa gari nusu tupu, na ndiyo maana nadhani angekuwa sahihi hata kama angepata hasara.

Kinachonivutia zaidi ni zile nusu tenga. Hakuna kanuni ya soko, ya halmashauri wala ya serikali iliyomlazimisha dalali kugawa. Katika vitabu vya biashara, mwenye pesa taslimu na bei kubwa ndiye mteja. Lakini pesa ya Mama Tenga ilikuwa mikononi mwa watu arobaini na wanne, na wangeilipa tu kama magenge yao yangefunguliwa. Deni ndilo lililofanya mgawanyo. Kwa miaka mingi nimesikia maofisa wakiwaita madalali wanyonyaji na magenge uchafu wa barabarani, na wengine wao ni wanyonyaji kweli. Ila siku Kitonga ilipofungwa, nyanya tatu za shilingi 500 zilifika Vingunguti kwa sababu ya dalali na daftari lake lililokunjamana. Mzigo ungekwenda wote kwa mwenye fedha, uswahilini kusingekuwa na fungu la tatu wala la mbili.

Wepesi wa vipimo nao ulisaidia. Mzigo ule ule unauzwa kwa tenga, nusu, ndoo, sado na fungu, kwa hiyo upungufu unaweza kukatwa vipande vidogo vidogo hadi kila mtu apate maumivu yake kidogo. Duka lenye bei iliyobandikwa lingekuwa na rafu tupu kufikia saa 2 asubuhi.

Nini kilikatika

Kutofaulisha lilikuwa kosa, na Mama Tenga anakubali. Hesabu yake ya wizi ilikuwa kubwa kuliko wizi wenyewe: jirani alipoteza mawili kati ya 60, yeye alipoteza 63 kati ya 190, ukijumlisha masalo na yaliyomwagwa. Lakini sababu ya pili ndiyo ya kutazama. Hakuwa na pesa ya Canter. Alikuwa mtu mwenye mali nyingi usiku ule, na yote ilikuwa kauli. Kamba ile ile iliyoshika wateja wake Ilala ilimfunga mikono Kitonga. Mali kauli hunyumbulika vizuri siku za kawaida, na hunyumbulika upande wa kugawa. Haina namna ya kutoa pesa taslimu saa 1 usiku mlimani.

Dereva wa Fuso ya pili aliendesha saa kumi na saba bila mwenzake. Alifika salama, na kufika salama hakufuti kosa. Katika orodha yote ya gharama za usiku ule, uhai wake ndio haukuandikwa popote.

Tuje Ilula, mahali ambapo visa kama hiki husimuliwa kwa mstari mmoja. Wale wakulima wawili waliokwisha kuchuma waliuza walichoweza barabarani kwa ndoo, kingine kikaenda kwa ng'ombe. Wale kumi na wawili waliongoja walichuma Alhamisi, nyanya zikiwa zimeshaiva mno kwa safari. Wale wa Fuso ya kwanza walikuwa wanadai nusu ya pesa yao. Mama Tenga aliwaomba "wabebe naye", yaani wapunguze robo ya bei waliyokubaliana Jumatatu, kwa kuwa soko lilikufa. Karibu wote walikubali. Nilimuuliza mmoja kwa nini. Akasema Ijumaa atakuwa na nyanya nyingine zinaiva, na wakala ni yule yule.

Na wale wa Fuso ya pili, iliyouzwa 21? Walilipwa bei ya Jumatatu. Hakuna aliyewaambia ziliuzwa ngapi. Mkulima mmoja kijana, ambaye ana ndugu Ilala, aliipata habari siku hiyo hiyo. "Hasara wanatupigia simu," aliniambia, "faida wanazima simu."

Hapa sikubaliani na wanaosema mfumo huu hugawana shida kwa haki. Mali kauli ya Ilula iligawa hasara na ikabana faida. Mali kauli ya Ilala iligawa vyote, na sidhani ni kwa sababu watu wa Ilala wana utu zaidi. Mama wa genge asiporidhika na dalali, alfajiri inayofuata ana madalali wengine hatua ishirini kutoka hapo. Mkulima ana wakala mmoja na nyanya isiyongoja. Mwenye pa kwenda hugawiwa faida, asiye na pa kwenda huombwa abebe.

Mfumo ulikatika pia pale uliporudi. Kila mtu alijiandaa kwa upungufu wa Jumanne, na hakuna aliyejiandaa kwa mafuriko ya Jumatano, ingawa kila mtu aliyaona yakija. Madereva wote walijua wako wangapi mlimani. Kama madalali wa Ilala wangepigiana simu, sehemu ya magari yangeshushwa Morogoro au kuelekezwa masoko ya Temeke Stereo na Mabibo. Hawakupigiana, maana kila mmoja alitumaini gari lake litakuwa la kwanza.

Yaliyobadilika

Machache. Mama Tenga na wenzake saba walianzisha mchango wa kila safari, unaotunzwa kwenye simu ya mmoja wao anayeishi Ruaha Mbuyuni. Ni wa kufaulisha tu, na anayeutumia anarudisha ndani ya wiki mbili. Umeshatumika mara tatu. Mama Tenga alijaribu pia kreti za plastiki badala ya matenga ya mbao: nyanya za chini zilipona vizuri, lakini kreti tupu zinataka nafasi ya kurudi Ilula, na tajiri wa gari anataka kurudi na mzigo wa kulipiwa. Zimebaki nyumbani kwake, anafugia vifaranga.

Wakala sasa huwatumia wakulima ujumbe wa bei ya Ilala kila asubuhi. Huutuma saa 4, wakati mzigo wa siku hiyo umekwisha kukubaliwa bei.

Pale Vingunguti, tenga liliporudi kwenye 10 siku ya Ijumaa, nilipita kuhesabu fungu. Lilikuwa na nyanya nne.